Ncha ya sindano inakomea wapi? Shajara ya mradi wa kina cha sindano na uvimbe wa panya

12 Januari: swali lenyewe

Naanza shajara hii kwa sababu ya jambo lililonisumbua muda mrefu. Katika taarifa nyingi za majaribio ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, kwa wanyama, kina cha sindano huandikwa kwa maneno mawili matatu, milimita kadhaa, kisha mwandishi anasonga mbele. Hasemi ncha ilikomea kwenye ngozi, kwenye msuli au kwenye mfupa. Hasemi alijuaje. Mwongozo wa STRICTA, wa namna ya kuripoti majaribio ya akupancha, uliotolewa 2001 na kurekebishwa 2010, unataka kina kitajwe wazi, ama kwa kipimo ama kwa tabaka la tishu, lakini kutaja namba ni kazi nyepesi kuliko kuithibitisha.

Swali letu: sindano mbili zikichomwa mahali pamoja, moja juujuu na nyingine ikazama hadi karibu na mfupa, je, zinatofautiana katika kupunguza uvimbe?

Mahali penyewe ni Zusanli, nukta inayojulikana pia kama ST36. Kwa binadamu iko upana wa vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa muundi. Kwa panya wa maabara tunaitafuta kama milimita 5 chini ya kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu. Uvimbe tunauanzisha kwa karajinani, unga unaotokana na mwani mwekundu, unaodungwa kwenye wayo wa mguu wa nyuma. Njia hiyo waliieleza Winter na wenzake 1962 na hadi leo ndiyo kipimo cha kawaida cha dawa za kutuliza mchochota, yaani mwili unavyowaka na kuvimba unapodhuriwa. Faida yake ni kwamba uvimbe unapanda kwa saa tatu hadi tano, hivyo mnyama hateseki kwa wiki nzima kama ilivyo katika mifano mingine.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kimepatikana. Walitulazimisha kupunguza idadi ya panya na kuandika mapema ni dalili gani zikionekana jaribio linasimamishwa kwa mnyama huyo. Walikuwa na haki, na orodha hiyo imebandikwa juu ya meza ya kazi.

26 Januari: karajinani iliyoganda

Kosa la kwanza. Tulichanganya karajinani kwa asilimia 1 katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kama inavyotakiwa, ikatoka na mabonge. Tukaikoroga kwa nguvu zaidi, tukaipasha moto, ikalainika, na ilipopoa ikaganda kama uji uliolala. Bomba la sindano likaziba mara mbili. Panya wawili walipata dozi pungufu, na wayo mmoja ulivimba huku mwingine ukiwa karibu na ukubwa wake wa kawaida.

Chanzo kilikuwa kwenye kopo. Karajinani si kitu kimoja. Aina ya kapa hutengeneza jeli, na aina ya lamda haitengenezi. Kopo letu halikutaja aina. Tumepata lamda safi, tunaichanganya jioni, inalala kwenye jokofu usiku kucha ili inywe maji taratibu, na asubuhi tunaiacha ifikie joto la chumba kabla ya kudunga mikrolita 100. Tangu hapo hakuna bomba lililoziba.

Gharama: siku nne, na panya wawili ambao data yao haifai. Hao wawili ndio wanaoniuma. Anayeiga kazi hii asome kopo kabla ya kumshika mnyama.

9 Februari: maji, mstari na mkono wa mpimaji

Ujazo wa wayo tunaupima kwa plethismomita: wayo unazamishwa kwenye bomba la maji, maji yanayosukumwa juu ndiyo ujazo wake. Kanuni ni nyepesi, utekelezaji ni mgumu. Siku ya kwanza tulipima mguu uleule mara tatu mfululizo, mguu mzima usio na uvimbe, na vipimo vikapishana kiasi cha kutufanya tusimame.

Tuligundua mambo matatu. Kwanza, mstari wa kuzamisha: tulikuwa tunakadiria kwa jicho, na milimita moja juu ya kifundo inaongeza ujazo usio wa uvimbe. Sasa kila panya anachorwa mstari wa wino kwenye kifundo cha nje, na unachorwa upya kila asubuhi. Pili, kila wayo unaotoka majini unaondoka na matone, kwa hiyo kina cha maji kinashuka kidogo kidogo. Tunajaza na kurudisha sifuri kila baada ya mnyama mmoja, na tumeongeza tone la sabuni maalumu ili maji yasing'ang'anie manyoya. Tatu, wapimaji wawili. Mwenzangu anazamisha polepole, mimi nazamisha haraka. Sasa anapima yeye peke yake, na yeye haambiwi mnyama yupo kundi gani.

23 Februari: kizuizi kilichoteleza

Sindano zetu ni za kipenyo cha milimita 0.18 na urefu wa milimita 13. Ili kina kisitegemee hisia za mkono, tulikata vipande vyembamba vya mpira wa silikoni tukavivika kwenye sindano kama kola, umbali uliopimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, kutoka kwenye ncha. Sindano inazama mpaka kola iguse ngozi, inasimama.

Kola zilikuwa zinateleza. Tulilijua hilo kwa bahati tu, pale mwenzangu alipopima sindano *baada* ya kuichomoa akakuta kola imepanda. Maana yake ni kwamba sindano ya "juujuu" ilikuwa imezama zaidi ya tulivyoandika kwenye daftari, nasi hatukuwa na habari. Tumeziweka tone dogo la gundi, tunaziacha zikauke siku nzima, na kila sindano inapimwa kabla na baada. Ikisogea, mnyama huyo anaondolewa kwenye hesabu. Sheria hii imeandikwa sasa, kabla ya kuona matokeo yoyote, ili baadaye tusishawishike kumwondoa yule tusiyempenda jibu lake.

Tatizo la pili lilikuwa ngozi yenyewe. Ngozi ya panya imelegea. Kola ikisukumwa inaibonyeza ndani kama godoro, na ncha inafika mbali kuliko kalipa inavyosema. Tunavuta ngozi kidogo kwa vidole viwili wakati wa kuchoma, kisha tunaiachia. Kola inatakiwa iguse tu, isisukume.

15 Machi: miguu sita

Hii ndiyo siku iliyobadilisha mradi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mpango wetu wa awali ulikuwa na vina vitatu: milimita 2, 5 na 7. Kabla ya kuendelea na wanyama hai tulitaka kuona ncha inafika wapi hasa. Daktari wa mifugo wa maabara alituletea mizoga ya panya watatu kutoka mradi mwingine uliokwisha. Hakuna aliyeuawa kwa ajili yetu. Walikuwa wa umri tofauti: mmoja mchanga na mwepesi, mmoja wa wastani, mmoja mkubwa mzito.

Kwanza tulijaribu kuichovya ncha kwenye wino, ichome, iache alama pale ilipokomea. Haikufaa. Tishu inaufuta wino njiani, ukapaka njia nzima kuanzia ngozini, na ncha ikatoka safi. Tukabadilisha: sindano inachomwa na kuachwa pale pale, kisha tunapasua kutoka juu, tabaka kwa tabaka, tukikata kuizunguka. Ngozi, halafu tishu laini chini ya ngozi, halafu utando mgumu unaofunika msuli, halafu msuli wa mbele wa muundi, halafu mfupa.

Milimita 5 kwa panya mkubwa ilikomea katikati ya msuli. Milimita 5 ileile kwa panya mdogo ilikuwa imeshavuka msuli na kugonga mfupa, na kwenye mguu wake wa pili ilipita kando ya mfupa kwa sababu niliiinamisha kidogo. Kwa maneno mengine, kundi letu la "kina cha wastani" lingekuwa na wanyama waliochomwa msuli na wanyama waliochomwa mfupa, wote chini ya namba moja. Na wiki ya pili ya jaribio, panya wakiwa wameongezeka uzito, namba ileile ingekuwa na maana nyingine tena.

Niliwaza sana jioni ile kuhusu wale walioanzisha tiba hii. Wao walipima kwa *cun*, upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Sisi tunaokumbuka shibiri na wanda hatuhitaji kuelezwa kipimo cha mwili ni nini. Cun inakua pamoja na mtu. Milimita haikui na mtu yeyote. Sidai kwamba cun inatosha kwa maabara, lakini ilikuwa imebeba wazo ambalo sisi tulilitupa: kina ni uhusiano kati ya sindano na mwili huu, leo.

Wazo hilo lina uzito wa kisayansi pia. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha kazi ya kikundi cha mtafiti wa neva Qiufu Ma, ambao walifanya majaribio kwa panya wadogo (aina ya mouse) waliotiwa sumu ya bakteria ili wapate mchochota wa mwili mzima. Umeme hafifu kwenye nukta hii ya mguuni uliamsha njia inayopitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya ndani, hadi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na mchochota ukapungua. Njia hiyo ilitegemea neva za hisi zenye alama ya kijeni iitwayo PROKR2, ambazo zinaenea kwenye tishu za ndani za mguu, karibu na mfupa, na hazipo kwa namna hiyo kwenye utando wa tumbo. Kama neva hizo ndizo mlango, basi suala ni kama ncha ilifika mlangoni, na milimita haziwezi kukuambia.

Uamuzi: tumefuta namba tatu. Vina sasa vinaitwa kwa tabaka. "Juujuu" ni ncha iliyo chini ya ngozi bila kutoboa utando wa msuli. "Ndani" ni ncha iliyogusa mfupa taratibu kisha ikarudishwa nyuma kidogo. Namba ya milimita bado tunaiandika kwa kila mnyama, pamoja na uzito wake wa siku hiyo. Kina cha katikati ya msuli tumekiacha, kwa sababu msuli ukijikaza ncha inahama, na hatukupata njia ya kuituliza kwa mnyama aliye macho. Pia kuacha kundi moja kunaokoa wanyama.

2 Aprili: panya aliyeshikwa tu

Tulikuwa na kundi la ulinganisho ambalo halichomwi chochote: panya anafungwa kwenye kitambaa laini kwa dakika 30, sawa na wenzake, kisha anadungwa karajinani. Kundi jingine liliachwa kizimbani mpaka wakati wa kudungwa. Nilitarajia yawe sawa.

Hayakuwa sawa. Walioshikwa walivimba kidogo kuliko walioachwa. Hakuna sindano iliyowagusa.

Kibaiolojia haishangazi, ila ilitushtua kuiona mezani. Mnyama akiogopa, tezi za adrenali zinamwaga homoni ya kortikosteroni, na hiyo ni dawa ya mchochota aliyozaliwa nayo. Sasa fikiria: sindano ya ndani inauma zaidi ya ile ya juujuu, hofu inakuwa kubwa zaidi, uvimbe unapungua zaidi, na mtafiti anaandika kwa furaha kwamba kina ndicho kilichofanya kazi. Tena wafamasia wanajua tangu zamani kwamba maumivu ya sehemu nyingine ya mwili yanaweza kupunguza uvimbe wa karajinani. Jaribio lisilojikinga na mambo haya mawili haliwezi kusema lolote kuhusu kina.

Tulijaribu nusukaputi ya isoflureni ili kuondoa hofu kabisa. Tuliiacha baada ya siku mbili. Nusukaputi inatuliza pia njia za neva tunazotaka kuzichunguza, na yenyewe inaathiri mchochota. Tungekuwa tumebadilisha tatizo moja kwa jingine.

Kilichosaidia kilikuwa subira. Kila panya sasa anazoeshwa siku 7: siku ya kwanza dakika 5 kwenye kitambaa, kisha inaongezwa mpaka 30, mtu yuleyule, saa ileile ya asubuhi. Saa ina maana, kwa sababu kortikosteroni ya panya inapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku na kufikia kilele giza linapoingia. Baada ya mazoezi hayo wengi wanatulia, wengine wanasinzia kabisa. Asiyetulia hadi siku ya saba haingii kwenye jaribio. Pia tunaweka alama za uso wa panya, yaani namna macho yanavyofumba na masikio yanavyolala anapoumwa, wakati wa kuchoma, ili maumivu ya kundi la ndani yaonekane kwenye karatasi na yasibaki kuwa dhana.

Gharama: wiki tatu nzima. Ndizo wiki ambazo singekubali kuzipunguza.

19 Aprili: ile ya juujuu haina usafi tuliodhani

Siku hii haikuwa na mnyama, ilikuwa ya kusoma na kubishana.

Mara nyingi sindano ya juujuu hutumiwa kama tiba bandia, eti haifanyi kitu. Lakini mtafiti Helene Langevin na wenzake walionyesha kuwa sindano ikizungushwa, nyuzi za kolajeni za tishu laini chini ya ngozi zinajiviringa kwenye chuma kama uzi kwenye pia, na seli za fibroblasti, zinazotengeneza nyuzi hizo, zilizo jirani zinatanuka. Tishu inaing'ang'ania sindano. Hilo linatokea palepale juu, bila kufika kwenye msuli. Kwa hiyo juujuu yetu ni tiba kamili inayoweza kufanya kazi yake, na atakayeilinganisha na ya ndani akakuta zinalingana asikimbilie kusema kwamba akupancha haifai.

Mwenzangu akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliona: sindano ya ndani lazima ipite juu kwanza. Ngozi inatobolewa, tishu laini inaviringwa, ndipo ncha inafika chini. Hatulinganishi juu na chini. Tunalinganisha *juu* na *juu pamoja na chini*. Ili kutenganisha hasa ingehitajika sindano iliyofunikwa kwa kihami, umeme utoke kwenye ncha tu. Tulifikiria kuipaka ngozi ganzi, tukakataa, kwa sababu dawa ya ganzi nayo inatuliza mchochota. Umeme tumeuweka kwa hatua nyingine. Kwa sasa tumebadilisha swali liendane na tunachoweza kulijibu: kushuka chini kunaongeza nini juu ya kile ambacho sindano ya juu imeshafanya?

Juu ya makundi ya kushikwa, juujuu na ndani tumeongeza la nne, la mguso: kijiti butu kinabanwa kwenye nukta bila kutoboa ngozi, kwa muda uleule. Kuzungusha nako kumewekewa utaratibu, kila baada ya dakika 5 kwa dakika 30, kama alivyofanya Maiken Nedergaard na wenzake katika kazi yao ya 2010 kuhusu adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu, na Zusanli ya panya wadogo.

10 Mei: jaribio dogo la awali

Panya wanne kwa kila kundi: kushikwa, mguso, juujuu, ndani. Vipimo kabla ya kudunga na baada ya saa 1, 2, 3, 4, 6 na 24. Taratibu zote zilizotajwa juu zilikwenda kama zilivyopangwa, kasoro mbili.

Ya kwanza, tulichoma sindano baada ya kudunga karajinani, kwa kufuata mazoea ya kutibu kilichoumwa. Panya aliyekuwa ametulia siku saba alihangaika, kwa kuwa wayo ulishaanza kumuuma. Tumehamisha sindano kabla ya karajinani. Jambo hili linabadilisha maana ya matokeo, na tunalisema wazi: tunapima kinga, hatupimi tiba ya uvimbe ulioshaanza.

Ya pili, panya mmoja wa kundi la ndani alitokwa na tone la damu sindano ilipochomolewa. Damu iliyovuja ndani ya tishu ni mchochota mwingine mdogo. Sheria mpya: damu ikionekana, mnyama anaondolewa kwenye hesabu na tukio linaandikwa.

Sitaandika hapa nani alivimba zaidi. Wanyama wanne hawathibitishi kitu, na namba ikishasomwa haisahauliki, itamfuata mpimaji mpaka kwenye jaribio kubwa. Tulichokichukua ni mtawanyiko wa vipimo tu, wa kukokotolea idadi ya wanyama tunaohitaji.

28 Mei: uvimbe ni dalili moja kati ya nne

Tangu Warumi, mchochota umetambuliwa kwa joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Sisi tulikuwa tunapima kimoja. Wayo unaweza kupungua kwa sababu mishipa ya damu imebana na maji machache yamevuja, huku seli za kinga zikiwa zimejaa tele ndani. Karajinani yenyewe ina awamu: saa ya kwanza inaongozwa na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini, na baadaye nyingine, prostaglandini, zinashika usukani huku seli nyeupe zikimiminika. Sindano ingeweza kugusa awamu moja na kuiacha nyingine.

Kwa hiyo mwisho wa saa 6, sehemu ya wanyama katika kila kundi itatoa tishu ya wayo kwa vipimo viwili: kimeng'enya cha mieloperoksidasi, kinachoashiria wingi wa neutrofili (aina ya seli nyeupe), na vipande vyembamba vya kutazama kwa darubini. Miguu iliyochomwa sindano nayo inapasuliwa, kama tulivyofanya kwa ile miguu sita, ili tuthibitishe tabaka. Anayepasua hajui ujazo uliopimwa.

Tulipoteza sampuli za kwanza tatu. Zilikaa kwenye meza wakati tukipima panya wengine, na kimeng'enya hakisubiri. Sasa barafu inaandaliwa kwanza, na mtu mmoja kazi yake ni tishu peke yake.

14 Juni: kundi la kwanza limekamilika

Awamu ya kwanza ya jaribio kamili imekwisha. Wanyama waligawanywa kwa kura iliyochapishwa na mtu asiyeingia maabara. Wawili wameondolewa, mmoja kwa damu, mmoja kwa kola iliyosogea, na wote wawili waliondolewa kabla mtu yeyote hajatazama ujazo wao. Upasuaji wa miguu umeonyesha sindano moja ya juujuu iliyotoboa utando wa msuli. Mnyama huyo atabaki kwenye kundi alilopigiwa kura, na atachambuliwa pia kwa tabaka alilofikiwa kweli, kama mpango ulivyoandikwa.

Daktari wa mifugo ameomba matandiko laini zaidi kwa saa 24 za mwisho, na tayari yamewekwa. Sindano za awamu ya pili zimeshavikwa kola, gundi inakauka. Bahasha ya majina ya makundi bado imefungwa.